Kamera Ndogo Inayochelewa: Jinsi ya Kupima Ucheleweshaji wa Shata na Kuupunguza

Unabonyeza mtoto akiwa hewani, picha inatoka ameshatua na magoti yamekunjwa. Unabonyeza mtu akicheka, picha inamwonyesha akifuta mdomo. Kamera ndogo za dijitali zimelaumiwa kwa jambo hili tangu zilipoingia sokoni, na lawama nyingi ni za haki. Nyingi za mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilimaliza sekunde nzima au zaidi kati ya kidole na picha. Zilizofuata zilishuka hadi kati ya sekunde 0.2 na 0.5, lakini hata nusu sekunde si kidogo. Mtu anayetembea mwendo wa kawaida huenda takriban mita 1.4 kwa sekunde, kwa hiyo ndani ya nusu sekunde amesogea sentimita 70. Ulimpanga katikati ya picha, ukampata ukingoni.

Sehemu kubwa ya muda huo si ya shata yenyewe, yaani kile kifungio kinachofunguka kupitisha mwanga wa picha. Ni ya fokasi, yaani kazi ya lenzi kujirekebisha ili unacholenga kitoke kikali, na fokasi inaweza kufanywa mapema, kabla tukio halijafika. Anayelijua hilo hupata picha nzuri kwa kamera ambayo mwenzake ameitupa kabatini akisema ni mbovu.

Muda unakwenda wapi

Kitufe cha kupigia picha kina hatua mbili. Ukikibonyeza kidogo unakutana na kizuizi chepesi. Hapo kamera inapima mwanga na kutafuta fokasi. Ukipita kizuizi hicho hadi mwisho, picha inapigwa. Ukibonyeza kwa pigo moja, kamera bado inalazimika kufanya kazi ya hatua ya kwanza kabla ya kugusa ya pili, nawe unasubiri.

Kamera ndogo nyingi hazina kifaa cha kupima umbali. Zinatafuta fokasi kwa kuitazama picha yenyewe. Injini ndogo inasogeza kioo ndani ya lenzi hatua kwa hatua, na katika kila hatua kamera inapima jinsi kingo za vitu zilivyo kali. Ukali unapanda, unapanda, kisha unaanza kushuka. Hapo ndipo kamera inapojua kwamba kilele imekipita, nayo inarudi nyuma kukifuata. Angalia skrini kwa makini utaiona safari hiyo: picha inanoa, inafifia kidogo, inanoa tena, kisha kisanduku kinageuka kijani.

Kila kipimo kinahitaji fremu moja, yaani picha moja ya papo hapo, kutoka kwenye kihisi, kile kibamba kinachopokea mwanga ndani ya kamera. Kihisi kikisoma fremu 30 kwa sekunde, fremu moja ni sekunde 0.033, na vipimo kumi ni theluthi ya sekunde. Penye mwanga hafifu kamera nyingi hushusha idadi hiyo, tuseme hadi fremu 15, ili kila fremu ikusanye mwanga wa kutosha. Vipimo vilevile kumi sasa vinamaliza theluthi mbili. Hii ndiyo sababu kamera iliyokuwa nyepesi mchana inakuwa nzito jioni, na wala haijaharibika. Zumu nayo inaongeza mzigo kwa njia mbili: tundu la lenzi linakuwa dogo, mwanga unapungua, tena eneo lililo kali kwa kina linakuwa jembamba, hivyo lenzi inahitaji hatua nyingi zaidi kulipata.

Kamera zilizo na vihisi vya kugundua fokasi kwa awamu zinafanya kazi kwa namna nyingine. Zinajua lenzi isogee upande gani na kwa kiasi gani, bila kupapasa. Fujifilm iliweka mfumo huo juu ya kihisi chenyewe katika FinePix F300EXR mwaka 2010, na Sony RX100 V ya mwaka 2016 ilikuwa na pointi 315 za aina hiyo. Ukiwa na kamera ya namna hii, ushauri wa fokasi hapa chini utakusaidia kidogo tu, ila mambo ya flashi, skrini na kadi yanakuhusu vilevile.

Baada ya fokasi kinabaki kipande kidogo: kamera inasimamisha picha ya skrini, inapanga tundu la lenzi, inafuta kihisi na kuanza kupokea mwanga. Kwa kamera nyingi kipande hiki ni kati ya sekunde 0.05 na 0.1. Hiki huwezi kukibadilisha. Kinachofaa ni kukijua.

Kipo pia kipande ambacho watu hawakihesabu kabisa, nacho ni skrini. Unachokiona kwenye skrini kimeshapita. Kihisi kimekisoma, kompyuta ya kamera imekichakata, ndipo kikaonyeshwa. Kuchelewa huku ni kwa fremu moja hadi tatu hivi, na gizani fremu zinakuwa ndefu. Hata kama kamera ingepiga papo hapo, wewe ungekuwa umebonyeza kwa kuona jambo la zamani.

Ipime kamera yako kabla ya kuilaumu

Watu wengi hupima kwa kutazama saa, kubonyeza wanapoona 10.00, kisha kusoma picha. Njia hiyo inapima kamera pamoja na mpimaji, maana mwanadamu anahitaji takriban sekunde 0.2 ili kuona kitu na kusogeza kidole. Njia ifuatayo inamwondoa mtu kwenye hesabu. Unahitaji kompyuta, simu inayorekodi video, na mahali pa kuegemeza kamera.

1. Fungua stopuwachi kwenye skrini nzima ya kompyuta, inayoonyesha sehemu za mia za sekunde. Ongeza mwangaza wa skrini hadi juu.
2. Simamisha kamera umbali wa mita moja hivi kutoka kwenye skrini. Zima flashi. Iweke ISO, yaani wepesi wa kihisi kupokea mwanga, 400 au 800 ili kasi ya shata iwe sekunde 1/125 au haraka zaidi, vinginevyo tarakimu zitapandana. Zikipandana mbili, chukua iliyo ndogo, kwa kuwa mwanga ulianza kuingia hapo.
3. Weka simu pembeni irekodi video inayoonyesha kidole chako na skrini ya kompyuta kwa pamoja. Fremu 60 kwa sekunde zinatosha. Kama simu ina mwendo wa polepole wa fremu 240, tumia huo.
4. Bonyeza kwa pigo moja mara kumi. Kabla ya kila picha, elekeza kamera kwenye kitu kilicho mbali, bonyeza nusu, achia, kisha irudishe kwenye skrini, ili fokasi ianze upya kila mara.
5. Piga nyingine kumi kwa kubonyeza nusu kwanza, kusubiri kisanduku cha kijani, kisha kumalizia.
6. Kwenye video, sogeza fremu moja moja hadi kidole kisimame chini. Soma saa inayoonekana kwenye fremu hiyo. Soma saa iliyo kwenye picha. Tofauti yake ndiyo ucheleweshaji.

Panga matokeo kumi kuanzia dogo hadi kubwa uchukue yaliyo katikati. Skrini ya kawaida hubadilika mara 60 kwa sekunde, yaani kila sekunde 0.017, kwa hiyo tarakimu ya tatu baada ya nukta usiiamini.

Tuseme umepata 0.48 kwa pigo moja na 0.09 kwa kubonyeza nusu kwanza. Kamera hiyo si ya polepole. Ni fokasi yake iliyo ya polepole, na hiyo unaweza kuizunguka. Ukipata 0.48 na 0.35, hapo shida iko kwingine: mara nyingi kuna flashi iliyobaki imewashwa, au kitufe hakishiki hatua ya kwanza ipasavyo.

Rudia kipimo hicho chumba kikiwa na giza kidogo na zumu imevutwa. Namba hizo mbili ndizo utakazokutana nazo kwenye sherehe.

Kubonyeza nusu bila makosa

Kila kitabu cha maelekezo kinataja kubonyeza nusu kwa sentensi moja, kisha kinaendelea na mambo mengine. Kosa la kawaida ni kubonyeza nusu na kumalizia kwa mwendo uleule, bila kutulia. Hiyo ni sawa na pigo moja. Maana ya hatua ya kwanza ni kuishika: unaweka fokasi, unabaki umeshikilia kidole hapo sekunde mbili, tano, hata thelathini, na tukio linapofika unamalizia tu.

Usimsubiri mtu afike ndipo umtafutie fokasi. Chagua mahali atakapopita, na ulenge kitu kilicho umbali uleule: alama kwenye lami, kizingiti cha mlango, goli. Bonyeza nusu, panga upya picha, subiri. Kumbuka kwamba kamera nyingi hufunga na kipimo cha mwanga pamoja na fokasi. Ukilenga alama iliyo kivulini na mkimbiaji akapita juani, atatoka mweupe kama chaki. Kwa hiyo kitu unacholenga kiwe umbali uleule na kwenye mwanga uleule.

Fokasi ikikataa kushika, tazama unacholenga. Ukuta mtupu hauna kingo za kupima. Mistari iliyolala ni mtego mwingine, kwani kamera nyingi hutafuta tofauti za mwanga kutoka kushoto kwenda kulia; mapazia ya mbao yenye vipande vya mlalo yanaweza kuisumbua mpaka ikate tamaa. Isimamishe kamera wima, bonyeza nusu, shikilia, kisha irudishe. Na kabla ya yote hayo, futa lenzi. Alama moja ya kidole chenye mafuta hupunguza ukali wa kingo zote, na kamera inapapasa mwendo mrefu ikitafuta kilele ambacho hakijitokezi. Hakikisha pia kidole cha mkono wa kushoto hakijaziba kitaa kidogo cha rangi ya chungwa au kijani mbele ya kamera. Kitaa hicho ndicho kinachomulika gizani ili fokasi ione, na hakifiki mbali, ni mita chache tu.

Kitufe chenyewe kinaweza kuwa kimechoka. Kibonyeze nusu mara ishirini mfululizo, taratibu. Mara zote ishirini unapaswa kuona kisanduku cha kijani na picha isipigwe. Ikiwa mara kadhaa kamera inapiga bila kupitia fokasi, au haifanyi lolote hadi ukandamize, swichi ya chini ina uchafu au imelika. Mchanga na chumvi ya jasho ndivyo visababishi vya kawaida. Usimwagie kimiminika chochote juu ya kitufe ukidhani utaisafisha, kwa sababu kitateremka hadi kwenye bodi ya umeme iliyo ndani. Hiyo ni kazi ya fundi.

Mfano wa mtoto anayeruka

Mtoto akiruka juu sentimita 30, anamaliza takriban sekunde 0.25 kupanda na 0.25 kushuka. Safari yote ni nusu sekunde. Kamera yenye ucheleweshaji wa 0.48 ukiibonyeza kwa pigo moja miguu inapoachana na ardhi, itampiga akigusa chini. Ukiongeza muda wa wewe kuona na kubonyeza, ameshasimama na kuanza kuuliza kama picha imetoka.

Sasa ifanye kwa kubonyeza nusu. Lenga miguu yake kabla hajaruka, shikilia. Miguu inapoondoka ardhini, malizia. Wewe unatumia 0.2 kuitikia, kamera inatumia 0.09, jumla 0.29. Kilele kilikuwa kwenye 0.25. Mwili ukiwa karibu na kilele huenda polepole sana: kuanzia 0.15 hadi 0.35 hivi mtoto yuko ndani ya sentimita tano za mwisho wa juu. Umempata, tena bila kubahatisha.

Hesabu hiyo inavurugika ukitazama skrini, kwa kuwa skrini inaongeza labda 0.05 au 0.1 na kukusukuma kwenye ukingo wa dirisha hilo. Dawa ni kutotazama skrini. Ukishapanga picha na kushika fokasi, inua macho umtazame mtoto mwenyewe juu ya kamera. Kama kamera yako ina kidirisha cha kioo cha kuchungulia, kisicho cha elektroniki, kitumie. Picha yake haichelewi hata kidogo. Wengi hukidharau kwa sababu hakionyeshi mipaka halisi ya picha, na ni kweli hakionyeshi. Lakini kwa kitu kinachokimbia ni afadhali kukata ukingo baadaye kuliko kukosa tukio.

Kanuni hiyo inafaa kwa kila kitu chenye kilele: bembea inapofika mwisho wa mwendo wake, nyundo ikiwa juu kabisa, mchezaji aliyejinyoosha kudaka mpira. Katika kilele kitu husimama kidogo, nawe unapata nafasi ya kukosea kwa sehemu ndogo ya sekunde bila picha kuharibika.

Kuiondoa fokasi kabisa kwenye hesabu

Mara nyingine hujui tukio litatokea wapi, kwa mfano mtaani au kwenye uwanja uliojaa watoto. Hapo kubonyeza nusu hakusaidii. Lakini kamera ndogo nyingi zina kihisi kidogo na lenzi fupi, na hilo, ambalo kwa picha za sura huhesabiwa kuwa udhaifu, hapa ni baraka: vitu vingi huwa vikali kwa wakati mmoja.

Hesabu yake ni rahisi. Chukua urefu wa lenzi kwa milimita, uzidishe kwa wenyewe, kisha ugawe kwa namba ya tundu (ile inayoandikwa baada ya f/) ikizidishwa na 0.005, ambacho ni kipimo cha ukungu kinachofaa vihisi vya inchi 1/2.5 na 1/2.3. Urefu huo umeandikwa mbele ya lenzi. Usitumie ule wa kulinganisha na filamu ya milimita 35. Lenzi ya milimita 6 kwenye f/2.8 inatoa 36 gawa kwa 0.014, yaani milimita 2,571. Ni mita 2.6. Ukiweka fokasi mita 2.6, kila kitu kuanzia mita 1.3 hadi upeo wa macho kitakuwa kikali vya kutosha.

Kamera yenye fokasi ya mkono inaruhusu kuweka umbali huo moja kwa moja. Ricoh GR ina mpangilio uliotengenezwa kwa ajili hii: unachagua umbali kama mita 1.5, 2.5 au 5, na ukibonyeza kwa pigo moja lenzi inaruka hadi hapo bila kutafuta. Casio iliweka kitu cha namna hiyo katika kamera zake nyingi za Exilim kwa jina la Pan Focus.

Kama kamera yako haina hata kimoja, angalia kitufe chenye ua, alama ya picha za karibu. Mara nyingi kitufe hichohicho kina alama ya mlima. Mlima unapeleka lenzi kwenye upeo wa macho na kuiacha hapo, na kwa lenzi tuliyoihesabu kila kitu kilicho mbali zaidi ya mita 2.6 kitakuwa kikali. Usiuchanganye na mlima ulio kwenye gurudumu la mitindo ya picha. Huo mara nyingi hubadilisha rangi tu, na fokasi inaendelea kutafuta. Njia ya kutofautisha ni kubonyeza nusu huku umetega sikio karibu na lenzi. Ukisikia injini ikinung'unika, fokasi bado inafanya kazi.

Onyo ni moja: usiguse zumu. Lenzi ileile ikivutwa hadi milimita 18 kwenye f/4.8 inatoa mita 13.5 badala ya 2.6. Mtu aliye mita nne mbele yako atatoka na ukungu, na ukungu huo hautauona kwenye skrini ndogo.

Flashi

Flashi ndiyo mwizi mkubwa wa muda baada ya fokasi, na kubonyeza nusu hakuizuii. Kabla ya mmweko mkubwa kamera hutoa mmweko mdogo wa kupimia, ikasoma mwanga unaorudi, ikakokotoa, ndipo ikawasha ule wenyewe. Wenye kope nyepesi hushtuliwa na mmweko wa kwanza na kupigwa na wa pili, nao ndio wanaotoka wamefumba macho kila mara huku wakiapa hawakufumba.

Kibaya zaidi ni kipengele cha kuzuia macho mekundu. Hiki kinawasha taa, au kinamwekamweka mara kadhaa, kwa muda unaokaribia sekunde moja ili mboni za macho zisinyae. Alama yake ni jicho. Kizime. Macho mekundu yanarekebishwa kwenye simu au kompyuta kwa mguso mmoja. Tabasamu lililopotea halirudi.

Baada ya mmweko, kapasita ya flashi inapaswa kujazwa upya hadi takriban volti 300, na betri ndogo inafanya kazi hiyo kwa sekunde kadhaa. Kamera nyingi hukataa kupiga mpaka imalize. Taa ndogo pembeni mwa skrini inamwekamweka. Kwa kamera za betri za AA, zile za kutumia na kutupa huanza kulegea mapema chini ya mzigo huu. Betri za NiMH za kuchaji, ingawa zimeandikwa volti 1.2 tu, zinatoa mkondo mkubwa bila kuzama, na flashi hujaa haraka zaidi.

Kama chumba kina taa za kawaida, jaribu bila flashi: zumu ikiwa imerudishwa nyuma kabisa, tundu f/2.8, ISO 800, kasi 1/60. Picha itakuwa na chembechembe, lakini itakuwa ya tukio lenyewe. Ikibidi utumie flashi, na kamera yako ina kitufe cha kufunga kipimo chake kama kamera za Canon PowerShot za mfululizo wa G, kibonyeze mapema. Mmweko wa kupimia unatoka wakati huo, na picha yenyewe haisubiri tena.

Mipangilio inayoongeza au kupunguza uzito

Ondoka kwenye hali ya otomatiki yenye akili nyingi. Hali hiyo inajaribu kutambua kama unapiga mlima, chakula au mtoto kabla ya kuamua chochote. Weka herufi P, ambapo kamera inapanga tundu na kasi tu na mengine unayachagua wewe. Kwenye fokasi, chagua kisanduku kimoja cha katikati badala ya kuiachia kamera ichague kati ya visanduku tisa au zaidi. Faida yake ni kasi na pia kutabirika, kwa kuwa unajua fokasi iko wapi. Utambuzi wa sura nao unafaa watu wakiwa wametulia. Wakizunguka, kamera inahamahama kutoka sura moja hadi nyingine.

Hali ya picha za karibu izimwe ukiwa hupigi ua. Inaipa lenzi uwanja mrefu wa kupapasa, kuanzia sentimita chache.

Kamera nyingi zina fokasi ya kujiandaa, inayoendelea kutafuta hata kidole hakijagusa kitufe. Panasonic huiita Quick AF, Sony huiita Pre-AF. Iwashe siku ya tukio. Inakula betri, kwa hiyo beba ya akiba. Kinyume chake, hali ya kuokoa umeme izime, hasa ile inayolaza skrini baada ya sekunde chache. Kamera iliyolala huamka polepole kuliko unavyofikiri, na lenzi ikiwa imeingia ndani, kutoka tu ni sekunde moja hadi mbili. Ukisubiri tukio, gusa kitufe nusu kila baada ya muda ili isilale.

Muda kati ya picha moja na nyingine

Huu si ucheleweshaji wa shata, ingawa watu huuchanganya nao. Kadi ya kasi haitafanya kidole kiitikiwe upesi. Inasaidia baada ya picha, kamera inapomwaga kilichojaa kwenye kumbukumbu yake ya muda.

Namba ya daraja kwenye kadi ya SD inasema kasi ya chini ya kuandika kwa megabaiti kwa sekunde: daraja 4 ni 4, daraja 10 ni 10, U1 ni 10, U3 ni 30. Ukipiga picha kumi za RAW, yaani faili ghafi zisizobanwa kama JPEG, zenye megabaiti 20 kila moja, hizo ni megabaiti 200. Kadi ya daraja la 4 inayofikia kiwango chake cha chini tu itaimalizia kazi hiyo kwa sekunde 50. Ya U3 kwa sekunde saba, endapo kamera yenyewe inaweza kusukuma kwa kasi hiyo. Kamera za zamani haziwezi, na kuzinunulia kadi ya bei kubwa ni kutupa fedha. Tena zile zilizotengenezwa kabla ya SDHC, aina ya kadi za SD zenye nafasi kubwa, hazisomi kadi ya zaidi ya gigabaiti 2. Kama huhitaji RAW, piga JPEG. Tofauti utaiona papo hapo.

Zima pia onyesho la picha baada ya kupiga, linaloandikwa Review au Auto Review kwenye menyu. Kwenye kamera kadhaa linaweza kukatishwa kwa kubonyeza nusu, lakini linakunyima kuona kinachoendelea. Picha ya usiku ya sekunde 4 ikichukua sekunde 8, hakuna kilichoharibika: kamera inapiga ya pili shata ikiwa imefungwa, kwa urefu uleule, ili iondoe madoa ya kihisi. Katika baadhi ya kamera unaweza kuizuia, nyingine hapana. Kadi yenye maelfu ya faili nayo huchelewesha kuwaka. Hamishia picha kwenye kompyuta, kisha ifomati kadi ndani ya kamera yenyewe.

Kupiga mfululizo

Wengi hukimbilia hapa kwanza. Mfululizo hauondoi ucheleweshaji wa picha ya kwanza. Unaugawa tu kwa matumaini kwamba mojawapo itaangukia mahali pake. Fokasi na kipimo cha mwanga mara nyingi hubaki vya picha ya kwanza, flashi inazimwa, na hali za kasi sana kwenye kamera za bei ndogo hupunguza ukubwa wa picha. Soma idadi ya megapikseli kwenye skrini kabla ya kuanza. Bonyeza nusu kwanza, anza kufyatua kabla kidogo ya tukio, na usizidi picha tano au sita, la sivyo tukio litakukuta kumbukumbu ya muda imejaa na kamera imekwama inaandika.

Kinachoshinda ucheleweshaji kweli ni kurekodi kabla ya kubonyeza. Kamera ndogo za Panasonic zenye 4K Photo, kama TZ100 ya mwaka 2016, zina hali inayoitwa Pre-Burst: kamera inarekodi muda wote, na ukibonyeza inakuhifadhia fremu 30 za sekunde iliyotangulia na 30 za inayofuata, kila moja megapikseli 8. Unachagua baadaye. Gharama yake ni joto na betri inayokwisha upesi, kwa hiyo iwashe tukio linapokaribia, siyo tangu asubuhi.

Ukinunua iliyotumika

Nenda na kadi yako na betri iliyojaa. Washa na uzime mara tano ukisikiliza lenzi. Mlio wa kukwaruza ni mchanga kwenye mikunjo ya lenzi, na fokasi itakuwa ya kusitasita. Bonyeza nusu ukilenga kitu cha karibu, kisha cha mbali, kisha cha karibu, zumu ikiwa imevutwa. Fanya jaribio la kitufe la mara ishirini. Piga flashi mara tatu mfululizo uhesabu sekunde za kujaa kila mara. Zikiongezeka kutoka tatu hadi kumi wakati betri ni mpya, uliza kuhusu kamera nyingine.